Msusi Aliyekataa Kufupisha

Huyu dada alikuwa msusi, na mpaka leo ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja kilichopakana na duka la vifaa vya shule. Ina viti viwili vya kuzunguka, kioo kilichopasuka kwenye kona, na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Wateja humwita Dada Msusi, basi. Mikono yake ina sifa mtaa mzima: anasuka upesi, hakazi nywele mpaka macho yakamtoka mtu, na umbea unaoachwa pale kitini hautoki nje ya mlango. Lakini wako watu wengine, tena wengi, wanaoijua mikono hiyo kwa kazi nyingine kabisa, isiyogusa hata unywele mmoja. Habari hii ni ya kazi hiyo ya pili.

Dada Msusi ana mdogo wake wa kiume ambaye ni kiziwi. Homa ilimpata akiwa bado hajaanza kusema, ikaondoka na usikivu wake wote. Mama yao alihangaika naye hospitali hii na ile, mpaka daktari mmoja muungwana akamwambia ukweli: huyu mtoto hatasikia tena, mama, mpeleke shule. Shule ya watoto viziwi ilikuwa mbali, ya kulala huko huko, na mama hakuwa na moyo wa kumtoa kitinda mimba wake akalelewe na wageni. Akamweka nyumbani miaka kadhaa. Wakaelewana kwa ishara zao chache: mkono mdomoni, njoo ule, kiganja shavuni, kalale, kidole hewani, utachapwa. Zilitosha kulea tumbo. Hazikutosha kulea kichwa.

Hatimaye mama akajikaza, mtoto akaenda. Alirudi likizo na lugha ya alama mikononi, na nyumba nzima ni dada yake tu aliyeichukua. Aliichukua vizuri. Baada ya likizo mbili tatu wakawa wanagombana kwa mikono, na ukiona ndugu wanaweza kugombana, ujue lugha imekolea.

Walipokua, yeye akashika chanuo, mdogo wake akawa fundi makochi. Mpelekee kochi lililozama katikati kama kitanda cha mbwa, atalivua kitambaa, abadilishe mpira na sponji, alivike upya, na siku ya kulichukua utadhani umeibiwa lako ukapewa la jirani. Watu humwita Fundi. Wapo waliomwita Bubu, lakini kila aliyemwita hivyo mbele ya dada yake alijuta, maana msusi akikushika kichwa mkononi una muda mrefu wa kusikiliza.

Sasa, ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti vyenye makalio ya ngozi bandia, vimechanika mpaka sponji inachungulia. Wakamwita Fundi avishone. Akiwa pale chini, misumari midogo mdomoni, akaona tangazo ukutani: mihadhara ya wazi kwa watu wote, kila Jumamosi alasiri, bure. Wiki hii utamaduni, wiki ijayo siasa, kisha elimu, kisha uchumi, halafu mzunguko unaanza upya. Fundi alikuwa mlevi wa habari. Gazeti alilisoma mpaka matangazo ya vifo. Akaja saluni moja kwa moja, vumbi la sponji limemjaa nyusi.

"Jumamosi twende," alisema kwa mikono.

"Jumamosi?" dada akajibu, chanuo kati ya meno. "Hiyo ndiyo siku yangu ya kazi. Una wazimu?"

"Imeandikwa watu wote. Mimi si watu?"

Jumamosi ile akawaambia wateja wa alasiri waje Jumapili, akafunga mlango huku mmoja wao akisonya.

Wakakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili wakichoka watoroke bila aibu. Mhadhiri alikuwa mzee mcheshi, mtafiti wa ngoma na vazi, na kila baada ya sentensi mbili ukumbi uliangua kicheko. Fundi akamgusa dada yake kiwiko.

"Wanacheka nini?"

Dada akamweleza. Kicheko kingine.

"Na sasa?"

Akamweleza tena. Mwishowe akaona haina maana kumpa vicheko vya viporo, akageuza kiti, akamtazama uso kwa uso, akaanza kufasiri kila neno palepale linapotoka. Fundi akaanza kucheka pamoja na wenzake. Alikuwa nyuma yao kidogo tu, kama mwangwi. Dada yake anasema hajawahi kusahau uso ule. Mtu mzima, ana ndevu, anacheka pamoja na ukumbi mzima kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hayo hayakumfurahisha kila mtu. Bwana mmoja aliyekaa jirani akasema kwa sauti, "Dada, hiyo mikono inatusumbua. Tumekuja kusikiliza."

Msusi akaona uso unamuwaka. Akateremsha mikono mapajani. Mhadhiri akanyamaza, watu wakageuka. Hapo akasimama mwenyekiti wa mihadhara, mwalimu mstaafu wa historia, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwenyekiti na kumwogopa kidogo.

"Kuna nini huko nyuma?"

"Nilikuwa namfasiria mdogo wangu, mama. Ni kiziwi. Samahani, tunatoka."

"Mtoke mwende wapi?" Mama Mwenyekiti akauliza. "Hapo ulipo anakuona yeye peke yake. Njoo mbele. Labda wapo wengine."

Dada Msusi alitamani ardhi ipasuke. Alizoea kusimama nyuma ya watu, wao wakitazama kioo. Kusimama mbele ya mamia ya macho hakukuwa katika hesabu zake. Lakini Mama Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumwekea kiti kando ya jukwaa, na Fundi alikuwa amekwisha kuhamia safu ya kwanza, ameketi kama bwana harusi. Akaenda. Akainua mikono, akaendelea kufasiri.

Wengine hawakuwapo siku ile. Lakini habari za viziwi zina miguu yao. Wiki iliyofuata akaja mshona viatu mmoja na mkewe. Kisha mabinti wawili wa kiwanda cha nguo. Baadaye safu nzima ya upande wa dirishani ikawa yao, na asiyejua akikaa pale aliinuliwa kwa adabu.

Usidhani ilikuwa rahisi. Wahadhiri wengine walisema mbio kama waliofukuzwa. Wengine walimwaga methali mfululizo, na methali kuipitisha mikononi ni kama kubeba maji kwa kikapu: ukiifasiri neno kwa neno, watu wanashangaa haraka haraka imeingiaje kwenye habari za baraka. Maneno mengine hayakuwa na alama kabisa. Siku mhadhiri wa uchumi alipozungumzia mfumuko wa bei, msusi alilazimika kuuandika hewani herufi moja moja mpaka vidole vikamuuma. Mhadhara ulipokwisha, safu ya dirishani ikamzingira kwenye ngazi za nje, wakabishana mpaka wakapata alama yao: kiganja kinachopanda taratibu, kama unga uliotiwa hamira.

Siku hiyo hiyo Fundi aliuliza swali lake la kwanza. Alitaka kujua kwa nini kitambaa cha makochi kinapanda bei ilhali kinafumwa hapa hapa nchini. Mchumi alilipenda swali. Akaeleza bila haraka kwamba nyuzi na rangi zinatoka nje, na zinanunuliwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ikidhoofu huko, kochi linahisi huku. Fundi alirudi nyumbani kama aliyepewa ufunguo. Kwa muda mrefu baadaye, mteja akilalamikia bei ya kitambaa, Fundi alimchorea mishale kwenye kipande cha boksi, nyuzi huku, rangi kule, na mteja aliondoka ameridhika au amechoka. Vyovyote vile alilipa.

Kulikuwa na vichekesho pia. Alikuja mwanasiasa mmoja kuzungumzia maendeleo, hasa barabara moja aliyoahidi kuijenga. Akanguruma, akapiga meza, akashuka, akapanda, kisha akatupa jicho pembeni akaona mkalimani amefanya alama moja tu na mikono imetulia.

"Dada, mbona mimi nasema mengi na wewe unafanya kidogo?"

"Mheshimiwa, ulirudia," akajibu kwa heshima zote. "Nimewaambia: bado ni ile barabara."

Mwanasiasa mwenyewe alicheka kuliko wote, na tangu hapo alipokuja alisema polepole, tena mafupi.

Ukiacha utani ule wa barabara, kwa jambo moja msusi alikuwa mkali kama wembe: hakufupisha. Wakalimani wengine, waliokuja kumtazama, walimshauri: wape kiini, dada, wanatosheka. Alikataa katakata. "Wanaosikia wanapewa maneno yote, hata ya ovyo," alisema. "Hawa nao wana haki ya kuchoshwa." Siku mhadhiri alipokuwa mchovu, alama zake nazo zilikuwa chovu, na safu ya dirishani ilipiga miayo pamoja na ukumbi mzima.

Mama yao hakuwahi kufika ukumbini. Alikuwa amezeeka, miguu inamuuma, na moyoni hakuelewa vizuri wanachokifuata huko. Kwa mwanawe bado alikuwa na ishara zile zile tatu nne za zamani. Fundi alikuwa na duka lake na mke wake, lakini akija kumsalimu, mama alimwonyesha mkono mdomoni: ule? Na fundi mwenye maoni juu ya bajeti ya serikali aliitikia kwa kichwa, akala.

Ndipo Mama Mwenyekiti, katika mzunguko wa elimu, akamwita Fundi kando, msusi akiwa katikati.

"Tumesikiliza wataalamu juu ya shule miaka yote hii. Nataka mwezi ujao wewe ndiye mhadhiri. Elimu ya mtoto kiziwi."

Fundi akageuka nyuma kuona anayeambiwa ni nani. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akasema atafikiria. Mara ya tatu mkewe, ambaye naye ni kiziwi, akamwambia kwa mikono mbele ya watu kwamba mume mwoga hamfai, na kesi ikaisha.

Ikabaki kazi kwa dada. Miaka yote alikuwa akipokea sauti na kutoa alama, ukiacha swali moja moja. Sasa apokee alama, atoe sauti. Fundi akampa sharti moja.

"Usiseme 'anasema kwamba'. Sema 'mimi'. Ukisema 'anasema kwamba', watakutazama wewe, na mimi nitakuwa mtu anayefukuza nzi pembeni."

"Na nikikosea?"

"Nitakuona mdomo. Na wenzangu watakuona uso."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama yao alikuja. Mkwewe alimshika mkono, akamketisha safu ya kwanza, kanga yake mpya mabegani, mkoba magotini, anatazama huku na huku kama aliyekuja kumtembelea mgonjwa. Fundi akapanda jukwaani na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Dada akakaa chini yake, akimwelekea, na kipaza sauti mkononi.

Fundi akaanza, na sauti ya dada yake ikamfuata.

"Nilipopelekwa shule nilikuwa mvulana mkubwa, na sikujua kwamba vitu vina majina. Nilijua maji yananywewa. Sikujua kwamba yanaitwa maji. Wiki ya kwanza mwalimu alinionyesha kidole kifuani, akafanya alama, akanionyesha tena. Nikadhani ananiambia nimechafuka, nikajifuta shati. Mwisho nikaelewa. Alikuwa ananipa jina. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo sijui kama nina jina. Nilikimbia uwanja mzima nikiwaonyesha watoto wengine: huyu, mimi, naitwa hivi!"

Ukumbi ulicheka kidogo. Mama yao alikuwa ameinama mbele. Hakuwa akimtazama binti mwenye kipaza sauti. Alimtazama mwanawe.

"Wengine husema mama yangu alikosea kuchelewa kunipeleka," Fundi akaendelea. "Mimi sisemi hivyo. Usiku wa kwanza bwenini nililia, na sikulia kwa sababu ya giza. Nilikuwa nangoja mkono wa mama yangu upite juu ya shuka, uone kama nimefunikwa. Mama hakuwa na maneno ya kunipa. Hakuna aliyempa yeye maneno hayo. Alichokuwa nacho alinipa chote. Kwa hiyo leo naomba kitu kimoja: mkimpeleka mtoto kiziwi shule, mfundisheni na mama yake. Msimwache nyumbani peke yake na ishara tatu."

Pale safu ya mbele mama akamvuta mkwewe bega, akasahau kwamba hasikii, akasema kwa sauti ambayo nusu ya ukumbi iliisikia: "Ni yeye anayesema hivyo? Ni mwanangu?"

Fundi akaendelea na shule, vitabu, walimu wanaoandika ubaoni huku wamewapa watoto kisogo. Alisema vizuri, kwa mpangilio. Kisha akageuka kidogo upande wa dada yake. Mikono ikapunguza kasi.

Na msusi akanyamaza.

Mikono iliendelea. Kipaza sauti kilibaki kimya. Hatimaye akasema haraka, macho chini: "Anaishukuru pia familia yake. Asanteni."

Lo! Safu ya dirishani ikalipuka. Mshona viatu akapiga sakafu kwa mguu. Mabinti wa kiwandani wakasimama, mikono juu. Mmoja wao, aliyepoteza usikivu ukubwani na bado ana sauti, akapaza: "Ameruka! Amekata maneno! Hakusema!"

Mama Mwenyekiti akasimama. "Kuna nini?"

"Ni mambo ya nyumbani tu, mama," msusi akasema. "Hayahusu mhadhara."

"Nani anaamua yanayohusu?" akauliza Mama Mwenyekiti. "Mhadhiri ni nani hapa?"

Fundi alikuwa amekunja mikono kifuani. Kwa mtu wa lugha yake, huko ndiko kufunga mdomo. Akangoja. Dada akamtazama mdogo wake kwa macho ya kumsihi. Fundi akakunjua mikono, akamwambia maneno machache, na hayo ndiyo dada aliyoanza nayo.

"Miaka yote hujawahi kunifupishia. Leo, zamu yangu imefika, ndipo unanifupishia. Rudia."

Watu wakacheka, naye akacheka akilia, akapangusa uso kwa kiganja, akasema yote.

"Niliporudi likizo ya kwanza, mikono yangu ilikuwa imejaa maneno, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuyapokea. Watu walicheka. Dada yangu alikuwa anaosha vyombo. Akafuta mikono, akakaa chini mbele yangu, akanyoosha kidole kwenye ndoo, akanitazama. Alikuwa anauliza: hii inaitwaje? Alikuwa mkubwa wangu, na alikubali kuwa mwanafunzi wangu. Mimi niliyekuwa wa mwisho kujua kila kitu, siku ile nilikuwa mwalimu. Kila nilichosikia ukumbini humu, na nasema nilichosikia, nimekisikia mikononi mwake. Mimi si mtu wa kuhurumiwa. Nina maoni juu ya siasa, na wengine hamtayapenda. Nimeyapata kwa sababu mtu mmoja alifunga kazi yake kila Jumamosi, akaona nastahili kupewa maneno yote. Dada, asante. Na hili nalo litafsiri."

"Dada, asante," msusi akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake mwenyewe, akijiambia mbele ya umati mzima. Hakuwa na jinsi nyingine.

Safu ya dirishani ikainua mikono juu, vidole vikitikisika. Hivyo ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Ukumbi ukaiga. Msusi anasema hakuona vizuri, machozi yalimziba, aliona tu kitu kama shamba linalopepewa na upepo.

Walipotoka nje, mama alimshika Fundi mkono kwenye ngazi. Msusi akasogea kufasiri, kama kawaida.

"Wewe kaa pembeni," mama akamwambia. "Leo umefanya kazi ya kutosha. Niache na mwanangu."

Akanyoosha kidole kifuani kwa Fundi, akainua nyusi. Fundi hakuelewa mara moja. Mama akarudia, kidole kifuani, nyusi juu. Ndipo Fundi akampa jina lake, alama ile aliyopewa uwanjani utotoni, na mama akaiiga kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Alikosea. Fundi akamshika vidole, akamrekebisha kimoja kimoja. Mkewe akageukia ukutani kujifanya anatafuta kitu mkobani.

Tangu hapo mama anasoma, na mwalimu wake ni mkwewe. Si mwanafunzi mwepesi. Juzi alitaka kusema chai imepoa, akasema chai imefariki, na nyumba nzima ya viziwi ikaanguka kwa kicheko. Lakini anazidi kuokota, na Fundi akija siku hizi haulizwi tena kama amekula tu. Anaulizwa mke wake anaendeleaje, kazi ikoje, na kwa nini anakonda.

Msusi naye alipata mwenzake. Mwalimu mmoja wa shule ya viziwi, aliyekuwapo siku ile ukumbini, alijitolea kupokezana naye, Jumamosi moja huyu, ya pili huyu. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mapumziko wateja walidhani saluni itakuwa wazi. Haikuwa wazi. Dada Msusi alikwenda ukumbini vilevile, akakaa katikati ya watu, mikono mapajani, mhadhara wa siasa. Mwanzoni vidole vilimwasha, vikitaka kwenda vyenyewe. Akavifumbata. Polepole akagundua kwamba miaka yote alikuwa amepitisha maneno ya watu kama bomba linavyopitisha maji, na hajawahi kujiuliza yeye mwenyewe ana kiu ya nini.

Wakati wa maswali akanyoosha mkono. Mama Mwenyekiti akashusha miwani, akamtazama juu yake.

"Unafasiri la nani?"

"La kwangu, mama. Nauliza kwa nini vikao vya halmashauri vinafanyika asubuhi ya siku ya kazi, wakati sisi mnaotaka tuhudhurie tuko kazini."

Minong'ono ya kukubali ikapita ukumbini. Kule dirishani, Fundi alikuwa amegeuka mzimamzima kumtazama yule mwalimu pale mbele, anafuata mikono yake kwa makini, apate kujua dada yake anafikiri nini.